Bei ya Vya Bure: Kutafuta Mbao, Mabati na Magunia Arua na Koboko

Karakana ninayoizungumzia iko Arua, upande wa Oli, na Jumamosi kabla ya adhuhuri hufagiliwa. Nilikuwa nimeinama karibu na mlango nikikusanya vipande vya mahogani, vyekundu na vizito, mabaki ya mbao zinazovushwa kutoka Kongo, fundi akanizuia kwa upole. "Mwalimu, hizo ni za mama wa mandazi. Huja kuzichukua jioni. Wewe pita nyuma ya mashine, za huko hazina mtu." Za nyuma ya mashine zilikuwa fupi, nyingine hazifiki urefu wa mkono. Nilizichukua, nikashukuru, na tangu siku hiyo sijagusa rundo lolote bila kuuliza kwanza ni la nani.

Watu wengi wakiona meza, rafu na banda la kuku nyumbani kwangu huuliza nilipata wapi vifaa vya bure. Nawajibu, lakini pia nawaomba waniulize vilinigharimu kiasi gani, kwa sababu vitu vya bure vina bei yake, na asiyeihesabu huishia kulipa mara mbili. Hesabu ya banda langu la mwaka jana ni hii.

Banda ni la mita 3 kwa 2, la kuku 30. Fundi niliyemwendea kwanza aliniambia shilingi 620,000 za Uganda, kila kitu kipya: mbao, mabati, wavu, misumari na kazi yake. Nikaona nitafute mwenyewe. Bodaboda ilibeba mbao na mabanzi safari 3, 5,000 kila safari, zikawa 15,000. Misumari kilo 2, 14,000. Bawaba jozi 2, 8,000. Wavu wa kuku mita 4, 28,000. Siku zangu 4 za kazi nilizihesabu kwa 10,000 kila moja, kama ambavyo ningemlipa kibarua, 40,000. Jumla 105,000. Mabati yalitoka kwa jirani aliyekuwa akibadilisha paa la nyumba yake, na hakunidai chochote.

Kisha mvua ya Agosti ikaja. Bati kuukuu lina tundu kila mahali lilipopigiliwa msumari wa zamani, na ukilipigilia kwenye kenchi mpya matundu yale hayakutani na mbao, yanabaki wazi juu ya hewa. Niliyaziba kwa lami na vipande vya kavera, mifuko ya plastiki. Usiku wa pili wa mvua nilitoka na tochi nikakuta maji yanadondoka kwa mistari iliyonyooka, kama vile mtu ameyapima kwa rula: ni ile mistari ya misumari ya paa la jirani. Sakafu ililoa, matandiko yakanuka, vifaranga 6 wakafa ndani ya wiki moja. Nilinunua mabati mapya 5 ya geji 30, kila moja 38,000, yakawa 190,000. Banda zima likafika 295,000.

Bado ni chini ya nusu ya bei ya fundi. Lakini vifaranga wale wangekuwa hai kama ningeanza na paa jipya, na huo ndio msimamo wangu sasa kwa kazi yoyote ya nyumbani: kinachokutana na mvua nakinunua kipya, kinachokaa chini ya paa nakitafuta. Mbao za ukuta, rafu, viota, mlango, matandiko, vyombo vya kulishia, vyote hivyo vinaweza kupatikana bila kununuliwa. Paa hapana.

Bei nilizotaja ni za mfuko wangu na madukani hupanda na kushuka. Huku kwetu hupanda haraka kuliko kwingine, kwa kuwa mabati na saruji husafiri karibu kilomita 500 kutoka upande wa Kampala, na njia yenyewe inavuka Nile. Daraja la Karuma kwenye mto huo lilipofungwa kwa magari Septemba 2024 ili likarabatiwe, malori yalizunguka mbali hadi Desemba, na gharama ya safari ikaongezeka. Kwa hiyo ubao wa kuokota una thamani kubwa zaidi kwa mtu wa Arua kuliko kwa mtu anayeishi karibu na kiwanda.

Arua ni mji wa mbao. Magogo na mbao za Kongo huingia kupitia Vurra na vijia vingine vya mpakani, nyingine huendelea hadi Kampala na nyingine hupasuliwa hapa hapa. Karakana moja yenye mashine hutupa kwa wiki vipande ambavyo mtu mwenye subira angetengeneza stuli kadhaa. Ni mahogani na mvule, mbao ambazo ukizitaka dukani kwa urefu kamili utalipa kwa uchungu. Anayeweza kubuni kitu kutokana na vipande vifupi ndiye anayefaidi: kiti cha mtoto, ubao wa kukatia mboga, rafu ya vitabu iliyoungwa, fremu ya picha. Mabanzi, yale maganda ya nje ya gogo, ni rahisi zaidi kupata, na kwa ukuta wa banda yanafaa kabisa. Ondoa gome kwanza. Wadudu hujificha kati ya gome na mti, na ukiliacha utawahamishia nyumbani.

Paleti ndizo watu wanazozikimbilia siku hizi. Hupatikana kwenye maghala na nyuma ya maduka makubwa, na mlinzi hana mamlaka ya kukupa, kwa hiyo muulize mwenye ghala. Kabla ya kuibeba, tafuta mhuri uliochomwa ubavuni, wenye mchoro wa suke la ngano. Herufi HT zina maana kwamba mbao ilitibiwa kwa joto, nayo ni salama. Herufi MB zina maana kwamba ilifukizwa kwa sumu ya methili bromaidi. Iache, hasa kama unataka kutengeneza kitanda cha mtoto au kiota cha kuku. Isiyo na mhuri wowote siiamini kwa vitu vya ndani.

Halafu kuna misumari yake. Misumari ya paleti ina mikunjo kama parafujo, na ukiung'oa ubao kwa mtaimbo unapasuka mwishoni. Mimi hulaza paleti kwa ubavu, napenyeza wembe wa msumeno wa chuma katika upenyo kati ya ubao na kitako chake, nakata msumari humo humo. Ubao unatoka mzima na kichwa cha msumari kinabaki ndani yake kama kitone cheusi. Paleti moja hunichukua karibu dakika 40. Misumari niliyoikata siinyoshi kwa jiwe kama tulivyofanya utotoni. Iliyopinda mara moja hupinda tena, na kilo mpya ya misumari ni gharama ndogo kuliko ubao uliopasuka.

Chuma usikitegemee. Kila kipande cha chuma Arua kina mnunuzi mwenye mizani, na watoto na vijana wanaozunguka na magunia wanaishi kwa hicho hicho wanachookota. Ukikuta nondo au bomba limelala tu, ama ni la mtu, ama liliibwa. Uganda imeteswa sana na wizi wa vyuma vya nguzo na nyaya za umeme, na sheria ya umeme iliyorekebishwa 2022 iliongeza adhabu hata kwa anayekutwa na mali hiyo. Usikubali waya wa shaba wala vyuma vya pembe kutoka kwa mtu usiyemjua, hata akikupa bure.

Na kuna jambo la chuma ambalo nalisema kwa uzito wote. West Nile, eneo letu hili, ilipita katika vita, na ng'ambo ya mpaka wa Oraba, upande wa Kaya, Sudan Kusini, vita vilidumu kwa miaka mingi. Uganda ilitangaza Desemba 2012 kuwa imemaliza kuondoa mabomu ya ardhini, lakini vyuma chakavu huvuka mipaka kila siku. Kitu chochote cha chuma chenye mabawa, ncha au umbo la chupa nene usichokitambua, usikiguse, usikigonge, usikipime. Waite polisi. Nawaomba walimu wenzangu wawaambie watoto maneno hayo hayo.

Koboko iko kilomita 55 hivi kaskazini, kwa barabara ya lami inayotoka Vurra hadi Oraba, na takataka zake ni tofauti kabisa. Ni mji wa kupita, karibu na Salia Musala ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Malori hushusha, hupakia upya, hubadilisha tairi. Mbao za bure ni haba, lakini maboksi, magunia na mipira vimejaa. Nilimkuta hajati mmoja mbele ya duka lake la jumla, maboksi yamerundikana hadi kiunoni, nikamwamkia na kumuuliza kama naweza kuyachukua. "Mwanangu, magunia nauza. Maboksi chukua, lakini uyafunge vizuri, na unifagilie hapo yalipokuwa." Nilifagia. Maboksi hayo yaliyofunguliwa na kubandikwa tabaka tatu chini ya mabati hupunguza joto la mchana na kelele ya mvua, mradi paa halivuji.

Tairi za lori si za bure sana, kwa sababu watengenezaji wa viatu vya tairi huzinunua. Za pikipiki ndizo mafundi wa pancha hufurahi kukuona ukizibeba. Mpira wa ndani ukikatwa utepe mwembamba ni kamba isiyooza kwa muda mrefu, nami hufungia uzio wa mianzi kwa huo badala ya waya. Gereji nyingi pia zitakupa oili chafu ukija na chombo chako. Ukiupaka mguu wa nguzo kabla ya kuufukia, mchwa hukawia kuuvamia. Usiimwage karibu na kisima, na nguzo zilizopakwa ziwe mahali kuku hawadonoi.

Hesabu moja ya kuzingatia: usibebe mbao za Arua kwenda Koboko wala mipira ya Koboko kuja Arua kwa safari ya makusudi. Nauli na gharama ya mzigo hula faida yote. Beba unapokuwa na safari yako nyingine.

Jerikani za njano tunazijua sote. Zilikuja na mafuta ya kupikia, na huku kwetu zina historia yao, maana vijana wa Opec wa Arua waliuzia humo petroli ya magendo kwa miaka mingi. Kwa hiyo inuse. Plastiki hunywa petroli na kuitoa polepole, na sabuni haiiondoi. Inayonuka, ikate ubavuni iwe beseni la mchanga au chombo cha miche. Iliyobeba dawa ya shamba usiilete nyumbani kabisa. Safi ya lita 5, hata yenye ufa karibu na shingo, inatosha kwa bomba la kunawia mikono: tundu moja dogo la msumari, kijiti cha kuitundika, kamba, na kijiti kingine cha kukanyaga kwa mguu. Bomba la plastiki lenye ndoo dukani litakugharimu makumi ya maelfu, na kwa choo cha shule au cha nyumbani sioni linachozidi.

Makopo ya mafuta ya msaada yenye maandishi ya USA, ambayo zamani yalikunjuliwa yakawa milango na taa katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi, yamepungua. Chakula cha msaada kimekatwa tangu 2023 na zaidi 2025. Wanaobaki na makopo hayo wanayahitaji kuliko mimi, nami siyatafuti.

Kuhusu chupa za plastiki zilizojazwa mchanga kwa kujengea kuta, nimejaribu na siwashauri. Kuzijaza na kuzishindilia ni kazi ya siku nyingi, na saruji utanunua hata hivyo. Tofali zilizovunjika kutoka kwenye matanuri ya kuchomea, ambazo wenyewe hukuruhusu uchukue, ni bora zaidi kwa kushindilia sakafu.

Kilichobaki ni unga wa mbao, na kwangu ndicho kitu cha bure chenye faida kubwa kuliko vyote. Amri ya Rais namba 3 ya 2023 ilipiga marufuku biashara ya kuchoma makaa kaskazini mwa Uganda, na gunia la makaa limekuwa mzigo kwa nyumba nyingi. Chukua kopo kubwa la rangi lililochomwa kwanza nje hadi rangi iishe, toboa tundu ubavuni karibu na kitako. Simamisha chupa katikati, ingiza kijiti kwenye tundu la ubavuni hadi kiguse chupa. Jaza unga mkavu kidogo kidogo, ukishindilia kwa ngumi kila tabaka. Zungusha chupa taratibu uitoe, kisha vuta kijiti. Linabaki shimo lililosimama na mlango wake chini. Washa chini. Moto hula unga kutoka ndani kwenda nje, na maharage huiva kabla haujaisha. Utumie nje au jikoni penye hewa, kwa sababu mwanzoni hutoa moshi.

Unga huo karakana ile ya Oli hunipa kadiri ninavyoweza kubeba, na mama wa mandazi hautaki. Ninachonunua ni gunia la kubebea, kwa yule hajati wa Koboko, kwa 1,000.