Ua la Bukini na Maradhi ya Saratani

Huenda uani kwako limeota ua dogo, jeupe au la rangi ya waridi, ambalo watoto hulichuma kwa mchezo. Asili yake ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagascar, na wataalamu huliita Catharanthus roseus. Ndani ya majani yake imo dawa, na imo sumu. Tena dawa na sumu hiyo ni kitu kimoja.

Katika miaka ya 1950 Dr. Robert Noble wa Kanada alipata majani haya kutoka Jamaica, ambako watu waliyanywa kama chai kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Yalipojaribiwa kwa panya, sukari haikupungua ya kutajika. Bali zilizopungua ni chembe nyeupe za damu. Mwingine angaliyatupa. Yeye na mwenzake Charles Beer waliendelea kuchungua, na mwaka 1958 wakatangaza dawa ambayo leo huitwa vinblastini. Baadaye ikapatikana ndugu yake, vinkristini.

Dawa hizi hufanyaje kazi? Chembe ya mwili inapogawanyika hutengeneza nyuzi nyembamba za kuvuta urithi wake pande mbili. Dawa huzuia nyuzi hizo zisiundwe. Chembe hukwama, kisha hufa. Saratani ni chembe zisizokoma kugawanyika, ndiyo maana huangamia zaidi. Lakini chembe nzima nazo huumia: nywele hunyonyoka, vidole hufa ganzi. Kwa hiyo daktari hupima dawa kwa miligramu na kuitia mshipani.

Mwaka huohuo wa 1958 Dr. Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika. Leo vinkristini, ikichanganywa na dawa nyingine, huponya wengi wao wakifikishwa hospitali mapema.

Hapa ndipo penye hatari. Mzazi akisikia kwamba dawa hutoka katika ua, aweza kuchemsha majani nyumbani. Chai haina kipimo: ikiwa haba haifai kitu, ikizidi hudhuru. Na chembe za uvimbe ule huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Juma moja la kungoja si dogo.

Wengine hununua vidonge vya kukinga chembe na uharibifu wa oksijeni, ambao ni mfano wa kutu mwilini. Huko Finland wanaume 29,133 wavuta sigara walijaribiwa. Mwaka 1994 ilibainika kwamba waliopewa beta-karotini, rangi iliyomo katika karoti, walipatwa na saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Basi tule matunda na mboga, na sigara tuiache. Kidonge hakifuti moshi.

Wazazi, mkiona uvimbe katika taya la mtoto, msiliendee ua. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Ua limekwisha kutoa dawa yake, nayo yawangoja huko, imepimwa.