Kiboko Asiye Kwenye Ramani

Njia ya kiboko huwezi kuichanganya na njia ya ng'ombe. Ng'ombe hufuatana mguu nyuma ya mguu na kuacha mstari mmoja. Kiboko ana tumbo pana na miguu iliyoachana, kwa hiyo huchimba mifereji miwili inayokwenda sambamba, na katikati hubaki tuta jembamba la majani yasiyokanyagwa. Njia kama hiyo nilionyeshwa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, pale barabara ya kwenda Rumonge inapopita kati ya vilima na Ziwa Tanganyika. Ilipanda kutoka kwenye matete, ikapita kando ya ukuta mpya wa matofali, ikapotelea kwenye shamba la mihogo. Kwenye kichaka cha karibu kulikuwa na kinyesi kilichotapakaa hadi usawa wa kiuno, maana kiboko hukirusha kwa mkia.

Mzee mvuvi aliyenionyesha alifuata mfereji kwa ncha ya kasia. "Anapanda huku, mwanangu, anashukia kule. Ukimkuta nchi kavu, usisimame kati yake na maji."

Nilifungua kwenye simu ramani niliyoichora mwenyewe kutokana na kumbukumbu za viboko nilizoweza kukusanya. Upande wa kaskazini-magharibi mwa jiji, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, alama zilijaa. Ruziba palikuwa peupe. Mzee akaitazama, akaniuliza: "Kwa hiyo hapa hakuna?"

Swali lake ndilo swali gumu kuliko yote katika kazi ya kutumia akili mnemba kulinda wanyamapori, na mara nyingi tunalipita tukikimbilia kusifu kamera na droni. Weupe kwenye ramani una maana mbili. Huenda mnyama hayupo. Huenda yupo, ila hakuna aliyeandika. Mashine haiwezi kuzitenganisha maana hizo mbili mpaka mtu aisaidie, na isiposaidiwa huchagua ile ya kwanza.

Tuanze na jinsi mashine inavyojifunza. Programu inayotambua wanyama haina wazo lolote kuhusu kiboko. Hupewa picha maelfu kwa maelfu, kila moja ikiwa na jina lililoandikwa na binadamu, nayo hurekebisha hesabu zake za ndani hadi majibu yake yakaribiane na yale majina. Mfano unaojulikana zaidi ulitoka kwetu Afrika Mashariki. Watafiti waliweka kamera 225 katika Serengeti, kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita. Zikaleta picha milioni 3.2. Watu wa kujitolea kutoka pande zote za dunia walikaa kwenye kompyuta zao wakizitaja: nyumbu, swala, simba, aina 48 kwa jumla. Mwaka 2018 watafiti wakaonyesha kwamba mashine iliyofundishwa kwa kazi hiyo inaweza kutaja wanyama katika asilimia 99.3 ya picha kwa usahihi uleule wa wale watu, yaani asilimia 96.6, na kuokoa saa zaidi ya 17,000 za kazi. Watu hao walitazama nyasi sana, kwa kuwa robo tatu ya picha za Serengeti hazikuwa na mnyama yeyote. Upepo ulitikisa jani, jua likalipasha moto, kamera ikadhani ni kiumbe.

Naipenda kazi hiyo, na ninaitumia kila ninapofundisha. Lakini ilete ufukweni uone. Kamera hizi huamshwa na joto linalotembea: mwili wenye joto tofauti na mazingira ukipita mbele yake, inapiga. Mnyama anayetoka majini ana ngozi iliyolowa, yenye joto linalokaribia lile la maji. Watafiti wa fisi maji wamekwisha kuona kamera za namna hii zikiwakosa wanyama waliotoka mtoni wakichuruzika. Kiboko ni mkubwa mara nyingi zaidi ya fisi maji, na kila jioni hutoka majini kwenda kula nyasi zinazoweza kufika kilo 40 kwa usiku, kisha hurudi kabla hakujapambazuka. Kamera ikifungwa penye matete itamtazama akiwa amelowa chepechepe. Kabla ya kuiamini, ningeijaribu kwanza pale ambapo tunajua kwa hakika kiboko amepita, tuhesabu imemkosa mara ngapi. Jaribio hilo si ghali. Linahitaji mtu wa kukagua nyayo kila alfajiri, basi.

Kuna hesabu nyingine ambayo kila anayeahidiwa mtambo wa kutoa tahadhari anapaswa kuijua. Tuseme kamera ya ufukweni inapiga picha 1,000 kwa usiku: mbwa, mawimbi, watu wanaorudi na nyavu, matete. Tuseme kati yake picha 5 tu zina kiboko, na programu hupatia mara 95 katika kila 100. Ni programu nzuri hiyo. Itazitambua karibu zote tano. Lakini katika zile picha 995 zisizo na kiboko itakosea asilimia 5, ambayo ni kama 50. Asubuhi mtaa umepigiwa kengele 55, na za kweli hazizidi 5. Wiki ya pili hakuna atakayetoka kitandani kwa ajili ya kengele hiyo, na usiku kiboko atakapofika kweli, mama anayeamka kuchota maji atakuwa amezima simu. Unaweza kuiambia programu ilie pale tu inapokuwa na hakika kubwa. Kengele za uongo zitapungua, lakini sasa itaanza kuwakosa viboko wa kweli. Kizingiti hicho cha hakika kikae wapi ni uamuzi wa watu wa mtaa, wanaojua kosa lipi linawagharimu zaidi. Hakipaswi kuwekwa na mhandisi aliye mbali na ziwa.

Tatizo la kurusha picha zote hizo limekwisha kupata dawa. Katika Hifadhi ya Grumeti, magharibi mwa Serengeti, zilijaribiwa kamera ndogo za kufichwa zinazoitwa TrailGuard, zenye programu ndani yake. Hazitumi kila picha. Huichambua hapohapo na kutuma ile tu inayoonyesha kinachotafutwa, huko Grumeti kikiwa ni mtu anayeingia kuwinda kwa siri. Betri hudumu, na mtandao wa simu haulemewi. Kwa Ruziba, mtambo wa namna hiyo ungekuwa na maana kuliko ule unaorusha picha zote hadi kompyuta iliyo nchi nyingine.

Sasa nirudi kwenye weupe. Nchini Uganda, kundi la Profesa Milind Tambe lilitengeneza programu iitwayo PAWS. Ilipewa kumbukumbu za doria za zaidi ya miaka kumi kutoka Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth: askari walipita wapi, walikuta mitego wapi. Kazi yake ni kubashiri mitego mingine itategwa wapi. Katika jaribio la mwezi mmoja, mwaka 2016, askari walitumwa kwenye maeneo mawili ambayo hawakuwa na mazoea ya kuyapita. Walimkuta tembo aliyekwisha kuuawa na kung'olewa pembe. Walikuta pia rundo la waya wa kutegea tembo, na mitego kumi ya swala ambayo ilikuwa bado haijanasa kitu.

Ugumu wenyewe ulikuwa ndani ya kumbukumbu. Mtego uliokutwa ni ukweli: ulikuwepo. Lakini mahali pasipoandikwa mtego huenda ni kwa sababu askari alipita mita mia mbili pembeni, au waya ulikuwa umefichwa nyuma ya mti, au hajafika kabisa tangu mwaka uliopita. Ukiyachukua maandishi hayo kama yalivyo, mashine itajifunza askari wanapenda kutembea wapi, kisha itawarudisha palepale, nao watakuta mitego palepale, na kumbukumbu za mwaka ujao zitaipa mashine haki. Mwindaji haramu atahamia kwenye weupe. Ndiyo maana watafiti waliipa programu kipimo kingine: kilomita zilizotembewa. Sifuri inayotokana na kilomita ishirini za kutembea ina uzito. Sifuri ya mahali pasipokanyagwa na mtu si habari hata kidogo.

Ruziba kuna mfano wake mzuri, nao unaonekana juu angani. Wavuvi wa ndagala hutoka usiku wa giza, kwa sababu taa zao ndizo zinazowavuta samaki; mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, mitumbwi hupumzika. Chukua sasa mradi unaotegemea wavuvi kutuma taarifa za viboko kwa simu. Taarifa zitakuja, zitapungua, zitakatika siku kadhaa, kisha zitarudi, mwezi baada ya mwezi. Mashine itakueleza kwa hakika kubwa kwamba viboko wa Ruziba huhama wakati wa mbalamwezi. Viboko hawajahama. Waliolala ni wavuvi. Asiyejua ndagala huvuliwaje hataweza kulisahihisha kosa hilo, hata akiwa na shahada tatu za kompyuta.

Je, kuna njia ya kuhesabu hata wale ambao hatukuwaona? Ipo, ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwishoni mwa Januari 2016, Wakenya na wageni walitawanyika kaskazini mwa Kenya kwa siku mbili wakiwapiga picha punda milia wa Grevy. Programu ikasoma michirizi, ambayo kwa kila punda milia ni ya kwake peke yake kama alama za vidole, ikatambua nani alipigwa siku zote mbili. Hapo ndipo hesabu ilipo. Ukipiga picha punda 100 leo na 100 kesho, na kati ya wa kesho 50 ni walewale wa leo, basi leo uliwaona takriban nusu ya wote. Wote ni kama 200. Wakarudiana wachache, jua kundi ni kubwa kuliko ulivyodhani. Kwa njia hiyo walikadiria punda milia 2,350. Wale wasioonekana waliingia kwenye hesabu kupitia wale walioonekana mara mbili.

Kiboko hana michirizi. Ana makovu ya mapigano, masikio yaliyochanika, mabaka usoni, na kwa sehemu kubwa ya mchana anakuonyesha macho, pua na masikio tu, kisha anazama dakika kadhaa. Kumtambua mmojammoja kwa picha kunawezekana, ila kunataka subira na picha nyingi za karibu, na picha za karibu za kiboko ni hatari. Droni inasaidia hapo, kwa sharti kwamba irushwe zaidi ya mara moja, kwa sababu aliyezama hayupo kwenye picha.

Kutoka juu kabisa nako kuna mtihani wake. Mwaka 2025 watafiti waliotumia setilaiti na akili mnemba kuwahesabu nyumbu wa Serengeti na Mara walipata chini ya 600,000, ilhali kwa miaka mingi tumezoea kusema milioni 1.3. Je, nyumbu wamepungua, au njia ya zamani ilizidisha, au wengine walikuwa chini ya miti na nje ya picha? Ni swali lilelile la mzee wa Ruziba, kwa ukubwa mwingine.

Burundi tunayajua madhara ya kuhesabu bila daftari. Mamba Gustave, aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye aliyeishi hapa miaka mingi, alisakwa kwa kizimba kikubwa cha chuma na kamera za usiku. Kizimba kilirudi kitupu, na filamu ya msako ikatoka mwaka 2004. Urefu wake husemwa ni mita sita, lakini hakuna aliyempima. Watu aliowaua hutajwa hadi 300. Huenda baadhi yao waliuawa na mamba wengine, huenda wengine na viboko, na familia za waliokufa zilistahili zaidi ya uvumi: tarehe, mahali, saa, mnyama gani. Orodha ya namna hiyo ingeonyesha ni fukwe zipi zinahitaji bomba la maji kabla ya nyingine, ili watu wasichote ziwani.

Na tusiidai mashine kazi isiyo yake. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inatenga mita 150 kutoka ufuko wa Tanganyika zisijengwe. Maji ya ziwa yalipopanda na kuingia majumbani mwaka 2024, kila mtu alikumbuka mita zile zilikuwa za nini. Ule ukuta wa matofali niliouona umeibana njia ya kiboko, naye anasukumwa kupita penye watu. Kamera itampiga picha akiuzunguka, haitamfungulia njia.

Kwa hiyo ningeanza na daftari. Kusini kwetu, kando ya ziwa hilihili upande wa Tanzania, vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Gombe vina walinzi wa misitu wanaotembea na simu, wakiandika mitego, miti iliyokatwa na dalili za sokwe, kazi iliyoanzishwa na taasisi ya Jane Goodall, ambaye mwenyewe alifika Gombe mwaka 1960 na daftari lake. Kumbukumbu za miaka hiyo yote ndizo zinazoipa kompyuta ya leo cha kusoma. Ruziba ingehitaji watu watano au sita wanaolipwa kwa kazi hiyo, njia chache wanazozipita kila alfajiri bila kujali mwezi, na ukurasa wenye nafasi nne: mahali, saa, nilichokiona, nilitazama kwa muda gani. Kumbukumbu zikae hapa Bujumbura, na mahali viboko wanapolala mchana pasitangazwe ovyo, kwa sababu nyama yao inatafutwa.

Nilimweleza mzee hivyo, tukakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa hadi giza lilipoingia. Matete hayakutikisika. Saa mbili kasoro akanyanyuka, akajipangusa mchanga.

"Sasa leo unaandika nini? Hatukumwona."

Nikamwonyesha simu: Ruziba, saa kumi na mbili hadi saa mbili kasoro, watazamaji wawili, viboko 0.

Akaisoma, akasema niongeze kwamba upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda ziwani. Nikaongeza.