Kengele Inayolia Mno

Kengele ya shule ina thamani kwa sababu hulia mara chache, na kila mlio wake una maana inayojulikana. Lau ingelia kila mwanafunzi anapokohoa, hakuna ambaye angeinuka kitini. Hali kama hiyo imezipata simu za mkononi tangu makundi ya mazungumzo, kama yale ya WhatsApp, yalipoenea miongoni mwa walimu, wazazi na wanafunzi.

Hesabu ya majibu

Chukua mfano wa kundi la walimu 45. Mwalimu mkuu anatoa tangazo moja, nalo linawafikia wenzake 44. Kila mmoja wao anajibu "Asante" mbele ya kundi zima. Kwa kuwa kila jibu huwafikia watu 44, majibu hayo 44 huzaa arifa 1,936. Zikijumlishwa na arifa 44 za tangazo lenyewe, jumla ni 1,980, yaani 45 × 44. Kwa kundi la watu n, kanuni ni n(n − 1). Kundi likiwa la watu 90, jumla hufikia 8,010: watu wameongezeka mara mbili, lakini arifa zimeongezeka zaidi ya mara nne. Katika milio 44 iliyomfikia kila mwalimu aliyetangaziwa, ni mmoja tu uliobeba habari.

Neva na mazoea

Hakuna kiumbe kinachoweza kuitikia kila kichocheo. Mtaalamu Eric Kandel wa Marekani, mmoja wa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alilichunguza jambo hili kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia. Konokono huyo akiguswa, hukunja matamvua yake upesi. Akiguswa tena na tena bila kudhurika, mkunjo huo hupungua, na baada ya mara kumi hivi huwa hafifu. Si kwamba misuli imechoka au ngozi imekufa ganzi. Seli ya neva inayopokea mguso hutoa kemikali kidogo kuliko awali ya kupitisha habari kwenda kwenye seli inayoendesha misuli. Badiliko hilo ndilo mazoea. Ubongo wa binadamu ni tata zaidi, lakini nao hupunguza mwitikio wake kwa kichocheo kinachorudiwa bila matokeo.

Aghalabu mazoea ni msaada, maana ndiyo yanayomwezesha mtu kulala kando ya barabara yenye magari. Hatari huanza pale habari nzito na habari nyepesi zinapotumia mlio mmoja. Mfano mzito umetoka hospitalini, ambako mashine za kuchunguza wagonjwa hulia mara nyingi bila sababu ya kweli. Mwaka 2013, Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali nchini Marekani, kilitangaza kwamba kati ya Januari 2009 na Juni 2012 kilipokea taarifa za matukio 98 yaliyohusu kengele za mashine hizo. Katika matukio 80, mgonjwa alifariki. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni wahudumu kuzizoea kengele.

Namna ya kudhibiti

Kuzima milio yote si dawa, kwani hata habari ya mwanafunzi aliyeugua bwenini itapotea. Linalofaa ni kutenganisha. Kwanza, matangazo yawe na kundi lake, ambamo viongozi peke yao wanaweza kuandika. Mazungumzo yawe na kundi jingine. Pili, mwenye kushukuru amshukuru mtoa tangazo peke yake. Tatu, kundi la mazungumzo linyamazishwe, mwenye simu alifungue kwa wakati aupendao. Nne, jambo la dharura lisiandikwe kundini, bali mhusika apigiwe simu.

Wanafunzi wanaweza kulipima jambo hili wenyewe. Kwa siku moja, kila mmoja aombe ruhusa ya kuhesabu arifa za simu ya nyumbani, kisha azigawe katika mafungu mawili: zilizodai hatua na zisizodai. Uwiano wa mafungu hayo utaonyesha ni milio mingapi inayolifundisha sikio kutoitika.