Je, Tuiongezee Kompyuta Kuukuu Volteji?

Huenda umepita karibu na stoo iliyo nyuma ya maabara ukasikia makelele ya wanachama wetu, ukadhani ni ugomvi. Si ugomvi hasa. Ni mjadala juu ya kompyuta moja kuukuu ambayo ubongo wake, yaani prosesa, ni Celeron 300A ya kampuni ya Intel, iliyotolewa mwezi wa Agosti 1998. Chama kimeruhusiwa kuitumia kupigia chapa makala. Ni moja tu, hatuna nyingine. Kundi moja lataka iongezewe volteji ili iende mbio. Kundi la pili lasema iachwe ilivyo. Mwalimu mlezi ameniomba nieleze jambo lenyewe kwa Kiswahili, maana likifika hapo kila mtu hukimbilia Kiingereza.

Tuanze na mwendo. Prosesa hufuata mapigo kama vile mchezaji afuatavyo ngoma. Ubao mkuu wa kompyuta hii hupiga mapigo milioni 66 na kitu kwa sekunde, nayo Celeron huyazidisha mara 4.5. Jumla ni milioni 300, ndiyo hiyo tuitayo megahezi 300. Kizidishio cha 4.5 kimefungwa kiwandani, hakibadiliki hata ukilia. Lakini mapigo ya ubao, kama ni ubao mzuri, hubadilika. Ukiyapandisha hadi milioni 100, basi 100 mara 4.5 ni 450. Loo! Nusu nzima ya mwendo imeongezeka bure. Na si jambo dogo, kwa maana wakati huo Intel iliuza Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669 kwa bei ya jumla, ilhali Celeron 300A ilikuwa dola 149. Ndiyo sababu vijana wa nchi nyingi waliigombania, na nyingi katika hizo zilikubali 450 bila matata.

Sasa volteji yaingiaje? Ndani ya prosesa hii mna transista milioni 19. Kila moja ni kama lango dogo ambalo sharti limalize kufunguka au kufungika kabla ya pigo lijalo. Ukiharakisha mapigo, malango mengine huchelewa, na hapo kompyuta huganda ama hukosea hesabu. Volteji ndiyo nguvu inayoyasukuma. Plagi ya ukutani ina volti 240, lakini prosesa hii hunywa volti 2.0 tu. Ukiipa 2.2, malango hufunguka upesi zaidi, na prosesa iliyokuwa ikilegea kwenye 450 huenda ikasimama imara.

Namna ya kuiongeza ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Prosesa hii si kijiwe kidogo kama za siku hizi, bali ni kadi inayochomekwa ubaoni kwa ukingo wake. Ukingoni mna vidole vyembamba vya kupitishia umeme, na vitano kati ya hivyo kazi yake ni kuuambia ubao, “Nipe volti kadhaa.” Kidole kilichounganishwa na ardhi ya umeme husomwa 0, kilicho wazi husomwa 1. Celeron yetu husema 00001, na ubao huelewa kuwa ni volti 2.0. Basi watu walikuwa wakikata vipande vidogo vya selotepu na kuvibandika juu ya vidole. Kidole kilichofunikwa hakigusi kitu, kwa hiyo 0 hugeuka 1. Funika vitatu vya kwanza upate 11101, nao ubao hutoa 2.2.

Wenzangu mnaosoma hesabu za namba mbili, hebu tazameni hatari iliyojificha hapo. Selotepu yaweza kugeuza 0 kuwa 1, lakini haiwezi kugeuza 1 kuwa 0. Ndiyo maana volti 2.1, ambayo ni 11110, haipatikani kwa njia hii kamwe; kidole cha mwisho tayari ni 1. Aidha, tuseme vipande viwili vimeteleza wakati wa kuichomeka kadi, ukabaki ule wa kidole cha kwanza pekee. Ubao utasoma 10001. Hiyo ni volti 3.4! Prosesa ya volti 2 ikipewa 3.4 haitakuomba ruhusa ya kufa. Na ajabu ni kwamba ungalifunika kidole cha tatu peke yake ungalipata 00101, yaani 1.8, umeme mdogo kuliko wa kawaida. Vidole hivyo vimebanana ukingoni, kila kimoja chembamba kuliko ukucha.

Halafu kuna joto. Joto hupanda kwa kadiri ya mwendo, lakini kwa volteji hupanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 2.0 hadi 2.2 ni mara 1.1, na 1.1 mara 1.1 ni 1.21. Zidisha kwa ile mara 1.5 ya mwendo, upate kama 1.8. Prosesa iliyokuwa ikitoa wati kama 19 sasa yakaribia wati 35, na feni ni ile ile ndogo iliyojaa vumbi.

Hapo mmoja wetu alisema, “Si huku Tetu ni baridi?” Ni kweli, Julai asubuhi hata kalamu haishikiki. Lakini tuko juu. Mji wa Nyeri uko mita 1,750 hivi juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Feni hiyo hiyo ikizunguka vilevile husukuma hewa haba zaidi. Baridi yatusaidia, wepesi wa hewa watupunguzia. Nadhani bado tuna faida kidogo juu ya Mombasa, ila si kubwa kama tunavyojisifia.

Fauka ya hayo, kuna ubovu usioonekana siku hiyo. Nyaya za ndani ya prosesa ni za alumini, nyembamba mno. Mkondo wa umeme huzisogeza chembe za alumini polepole, jinsi mto Chania ulavyo kingo zake wakati wa masika, na joto huharakisha kazi hiyo. Mwishowe waya hukatika. Nayo mashine yetu imekwisha kutimiza zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Kwa maoni yangu, tujaribu 450 kwa volti zile zile 2.0, tuipe kazi siku nzima, na ikiganda tuirudishe 300. Selotepu ibaki kwenye droo. Tena sidhani prosesa ndiyo inayotuchelewesha. Kumbukumbu ya mashine hii ni megabaiti 64 tu. Kila tukifungua makala mawili kwa pamoja, husikika diski ikikwaruza kwa kuhamisha vitu huku na huko, huku prosesa imekaa ikingoja. Hata ungaliipa volti ngapi, ingengoja tu. Katika sanduku la vipuri mna vipande vya kumbukumbu visivyopungua vinne, na Jumamosi nitaanza kuvijaribu kimoja kimoja.