Ndege ya mbao, injini mbili: Rangi ni ya macho, gundi ni ya uhai

WATU wengi wakiona ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio ikizunguka juu ya uwanja, husema hicho ni kidude cha watoto kilichonunuliwa na mzazi mwenye pesa za kuchezea. Hawajui kwamba nyuma ya dakika nane za kuruka huenda kuna miezi minane ya kukata, kupiga msasa, kupima na kubandika. Na iwapo ndege hiyo ni ya kivita yenye injini mbili, basi aliyeiunda amejitwika mtihani ambao hata mafundi wazoefu huuogopa.

Mpenzi msomaji, leo tutaitazama ndege moja tu kati ya nyingi, nayo ni Mosquito ya Uingereza, iliyopigana katika Vita Vikuu vya Pili. Tumeichagua kwa sababu moja kubwa: ile ndege yenyewe iliundwa kwa mbao. Kijana anayeunda modeli yake mezani nyumbani hutumia balsa, plaiwudi na gundi, vitu vya aina ile ile vilivyotumiwa na mafundi wa kiwandani. Kwa hivyo haigizi umbo peke yake, bali anaifuata hata kazi yenyewe.

Seremala waingia vitani

Kampuni ya de Havilland ilianza kuichora Mosquito kwa siri katika jumba la Salisbury Hall, kaskazini mwa London. Wakati huo ndege za kivita zilikuwa za chuma, na wakubwa wengi waliicheka fikira ya kupeleka mbao vitani. Lakini kampuni ilijua kwamba vita vingeleta uhaba wa aluminiamu na wa mafundi wa chuma, ilhali mafundi wa fanicha na wa piano walikuwako tele.

Ndege ya kwanza iliruka tarehe 25 Novemba 1940. Haikupita muda mrefu kabla ya kuonekana kwamba, ikisukumwa na injini zake mbili za Rolls-Royce Merlin, iliweza kupita mwendo wa kilomita 600 kwa saa. Matoleo ya kwanza ya kudondosha mabomu hayakubeba bunduki hata moja. Kinga yao ilikuwa ni mbio. Hatimaye ziliundwa ndege 7,781 za aina hiyo, nchini Uingereza, Kanada na Australia.

Siri ya wepesi wake ilikuwa katika kiwiliwili. Mafundi waliweka karatasi nyembamba za plaiwudi ya birch juu ya kalibu, wakalaza balsa katikati, kisha wakafunika kwa plaiwudi nyingine, mfano wa sandwichi. Kila kiwiliwili kiliundwa nusu mbili, ya kushoto na ya kulia. Nyaya na mabomba yalifungwa ndani kwanza, ndipo nusu hizo zikaunganishwa kama maganda mawili ya njugu.

Lakini mbao zina masharti yake. Mwaka 1944, katika joto na unyevu wa India, baadhi ya ndege hizo zilivunjika angani na wanajeshi wakapoteza maisha. Uchunguzi ulitaja viungo vilivyobandikwa vibaya na maji yaliyopenya ndani ya mbao. Gundi ya awali, iliyotokana na maziwa, ilikuwa imekwisha kuanza kuachwa kwa ajili ya gundi ya kemikali iliyostahimili unyevu zaidi.

Shika neno hilo la gundi, msomaji, kwani tutalirudia.

Kupunguza vipimo

Mosquito halisi ina mabawa yenye upana wa takriban mita 16.5 kutoka ncha hadi ncha. Ukiamua kuunda modeli ya kipimo cha moja kwa kumi, mabawa yako yatakuwa na sentimita 165, karibu urefu wa mtu mzima. Kiwiliwili kitafika kama sentimita 125. Hiyo ni ndege ya kuingia katika gari dogo iwapo bawa linachomoka.

Hapa ndipo hisabati za sekondari zinapopata kazi. Ukigawanya urefu kwa kumi, eneo la bawa hugawanyika kwa mia, na ujazo hugawanyika kwa elfu. Mosquito kubwa iliyojaa mzigo ilikaribia tani 10. Ukigawa kwa elfu utapata kilo 10. Lakini modeli ya kilo 10 yenye bawa dogo namna hiyo italazimika kukimbia sana ili isianguke, na itatua kwa kishindo cha kuvunja miguu. Ndiyo maana waundaji hujitahidi wabaki kwenye kilo tatu au nne.

Kwa hivyo kila gramu ina deni. Mwambie mwanao apime kila kipande kwa mizani ya jikoni kabla ya kukibandika, na aandike katika daftari. Mkia hasa ndio wa kuchungwa. Kwa kuwa uko mbali na bawa, gramu 20 zilizozidi huko nyuma zinaweza kudai gramu 60 au zaidi za risasi kwenye pua ili ndege isawazike. Mbao nzito ziende karibu na bawa, nyepesi kabisa ziende mkiani.

Bawa ndilo moyo wa kazi. Lina boriti inayopita kutoka upande hadi upande, na mbavu zilizopangwa juu yake kama mbavu za samaki. Boriti hiyo ndiyo inayobeba uzito wote ndege inapokata kona, na vitako vya injini zote mbili vimeshikiliwa nayo. Ikibandikwa kwa haraka, hakuna atakayejua siku hiyo wala kesho yake, kwani itafunikwa kwa balsa, kitambaa chembamba cha kioo na rangi. Itajulikana siku ya kuvuta kona ya kwanza kali.

Injini mbili, akili moja

Ndege ya injini moja ina tabia nyepesi kueleweka. Injini ikizimika, inageuka kuwa tiara isiyo na kamba: unainamisha pua na kutua taratibu. Ya injini mbili ni kama maksai wawili kwenye jembe. Mmoja akisimama ghafla huku mwenzake akivuta, jembe haliendi mbele, linazunguka.

Siku hizi waundaji wengi hutumia mota za umeme na betri za lithiamu badala ya injini ndogo za mafuta, ambazo zilikuwa na desturi ya kuzimika moja bila kumwuliza mwenyewe. Umeme umepunguza hatari hiyo, lakini haujaifuta. Waya ukichomoka au kidhibiti mwendo kikipata joto kupita kiasi, mota moja husimama vile vile.

Haya hapa mambo manne ya kuzingatia mnapofunga mitambo:

Kwanza, kila mota huwa na kidhibiti mwendo chake. Vipimeni vyote viwili kwa rimoti ile ile, vianze pamoja na vifike mwisho pamoja. Mota moja ikitangulia, ndege itavutwa upande hata kabla ya kuacha ardhi.

Pili, vidhibiti vingi hupeleka pia umeme kwa kipokezi cha redio. Viwili vikifanya kazi hiyo pamoja vinaweza kuvutana. Ni desturi kuchomoa waya mwekundu wa kimoja kwenye plagi inayokwenda kwa kipokezi. Ukitaka kipokezi kiwe na betri yake ndogo, chomoa nyekundu zote mbili.

Tatu, Merlin zote mbili za Mosquito zilizunguka upande mmoja, na ndege ilipoanza kukimbia ilivutwa kushoto. Rubani aliituliza kwa usukani wa mkia na kwa kuitanguliza kidogo injini ya kushoto. Wewe una ruhusa ambayo yeye hakuwa nayo: zungusha mota zako kinyume, moja kulia na nyingine kushoto. Mota hizi zina nyaya tatu. Ukibadilishana mbili zozote, inazunguka upande wa pili. Lakini nunua propela zinazolingana na pande hizo. Utakuwa umepotoka kidogo katika uhalisi, na umefanya ndege yako kuwa mpole zaidi.

Nne, iweke redio ili mawasiliano yakikatika mota zizimike zenyewe. Jaribu jambo hilo ardhini, propela zikiwa zimetolewa.

Pambo lenye ushahidi

Sasa twende kwenye sehemu inayopendwa na wote, yaani kuifanya ndege iwe yako. Usipake rangi kwa kubuni. Chagua ndege moja halisi, tafuta picha zake, na uifuate hiyo. Mosquito ya kupiga picha za upelelezi mara nyingi ilipakwa buluu yote. Ya mapigano ilikuwa na kijivu na kijani juu, na kijivu hafifu chini. Nyingi za zile zilizoruka wakati wa kuivamia Normandy, Juni 1944, zilipakwa mistari mitano kwenye mabawa na kiwiliwili: mitatu myeupe, miwili myeusi. Angalia pia pua. Toleo la FB VI lilikuwa na bunduki nne puani na mizinga minne chini yake, ilhali la mabomu lilikuwa na pua ya kioo. Ukichanganya pua ya hili na rangi za lile, mzee anayezijua atakucheka.

Ndani, rubani huketi kushoto na mwelekezi wake kulia, nyuma kidogo. Wachonge kwa povu jepesi, si kwa udongo. Moshi wa ekzosi ubavuni mwa injini unaweza kuigwa kwa unga wa makaa ya kalamu ya risasi, ukipakazwa kwa kidole kuelekea nyuma. Hicho hakina uzito wowote, na hupendeza kuliko kibati cha gramu 30.

Mtihani upo hapa. Mwanao atataka magurudumu ya kukunja, taa, milango ya mabomu na kila kitu alichokiona pichani. Daftari la uzito ndilo limjibu, si wewe. Kila pambo lilipiwe kwa gramu zilizookolewa mahali pengine.

Injini moja ikizimika

Tuseme ndege imeondoka, imepanda mita 15, na mota ya kushoto inasimama. Pua inageuka kushoto, bawa la kushoto linaanza kuinama. Moyo unakuamuru uvute pua juu na kuongeza mwendo. Ukifanya hivyo umeimaliza. Mota ya kulia itazidi kuisukuma upande, mwendo utakufa, na ndege itapinduka mgongo chini kabla hujameza mate.

Tendo la kuokoa ni kinyume cha moyo: punguza mota iliyo hai, inamisha pua kidogo ili mwendo usife, kanyaga usukani kuelekea upande wa mota inayofanya kazi, kisha tua moja kwa moja mbele yako. Nyasi ndefu ni rafiki. Kurudi uwanjani kwa kona ni adui. Marubani wa Mosquito halisi walijua vizuri kwamba sekunde za kwanza baada ya kuondoka ndizo za hatari zaidi, kwa sababu mwendo wa kuruka salama kwa injini moja ulikuwa juu kuliko mwendo wa kuondokea.

Na hapo ndipo gundi inaporudi. Ikiwa mkia ulikuwa mwepesi, kitovu cha uzito kikakaa mahali pake na boriti ikabandikwa kwa subira, ndege itakusikiza. Ikiwa uliharakisha ili ufike kwenye rangi, haitakusikiza. Watazamaji walisifu mistari myeupe na myeusi. Kilichoirudisha nyumbani ni kile ambacho hakuna aliyekiona.

Kabla ya kwenda uwanjani

Msianze na Mosquito. Mtoto ajifunze kwanza kwa ndege ya povu yenye injini moja na bawa lililo juu, mpaka aweze kuitua mara kumi mfululizo bila kuvunja kitu. Uundaji wa ile kubwa unaweza kuendelea jioni, mafunzo yakiendelea mwishoni mwa wiki.

Betri za lithiamu zisichajiwe usiku watu wamelala, wala zisiachwe peke yao. Zikiumia au zikijazwa kupita kiasi huwaka moto mkali. Chaji juu ya sakafu ya saruji, mbali na makochi na mapazia.

Pia kumbukeni kwamba anga ina wenyewe. Mamlaka ya safari za ndege nchini, KCAA, ina kanuni kuhusu vyombo vinavyorushwa bila rubani ndani yake, zikiwemo zile za mwaka 2020. Ulizeni kwanza mnachoruhusiwa na ni wapi. Mkazi wa Nairobi aliye karibu na Wilson, Eastleigh au JKIA asithubutu kurusha chochote kutoka uani kwake. Modeli ya kilo tatu inayokimbia inaweza kumuumiza mtu vibaya, na propela hukata kidole hata ikiwa ndogo.

Mzazi, huenda pesa zikawa chache na kazi ikachukua mwaka mzima. Si hasara. Seremala yeyote wa Gikomba atakuambia kwamba kiti kizuri hujulikana kwa viungo vyake vya ndani, si kwa vanishi. Mtoto aliyebandika mbavu moja, akaikagua, akaing'oa kwa kuwa imepinda na kuibandika upya bila kuambiwa, amekwisha kupata faida ya ndege hiyo hata kabla haijaruka.