Mahali pa Kusimamisha Mtambo wa Upepo

Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, upepo hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukatoka kwa kasi ya wastani wa takriban mita 11 kwa sekunde. Ndiyo sababu mitambo 365, yenye uwezo wa megawati 310, ilijengwa katika jangwa lile lililo mbali na kila mji mkubwa.

Kasi ndiyo kila kitu mwanzoni. Ikiongezeka maradufu, nguvu iliyomo katika upepo huongezeka mara 8. Hata kutoka mita 6 hadi 8 kwa sekunde, tofauti ambayo mpita njia huenda asiihisi, nguvu hupanda zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo wataalamu husimamisha mlingoti wenye vipima upepo katika vimo mbalimbali, wakauacha mwaka mzima au zaidi, masika na kiangazi. Karibu na ardhi, miti na nyumba hupunguza kasi na kuuvuruga upepo, na msukosuko huo huchakaza mapanga na gia mapema.

Vipimo vizuri havimalizi kazi. Barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilibidi itengenezwe ili malori yafikishe mitambo Loiyangalani. Mitambo yenyewe ilikuwa imesimama kufikia 2017, lakini ikakaa zaidi ya mwaka bila kuuza umeme, maana njia ya nyaya hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Kisha ardhi: mwaka 2021 mahakama mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki zake zilitolewa kinyume cha utaratibu, baada ya wenyeji kushtaki.

Kinangop upepo ulikuwepo pia, ila mradi wa takriban megawati 60 ulivunjika mwaka 2016 kutokana na upinzani wa wakulima. Wenye shamba wanastahili kuulizwa kabla mlingoti wa kwanza haujasimama, wala si baada ya mikataba kutiwa saini.

Ndege nao wana njia zao angani. Kule Kipeto, Kajiado, penye tumbusi walio hatarini kutoweka, waangalizi hukaza macho juu mchana kutwa. Ndege akikaribia, mtambo husimamishwa. Mizoga ya mifugo nayo huondolewa haraka, tumbusi wasivutwe kuelekea mapanga.