Kumbukumbu Pepe Haiongezi Kasi

"RAM yangu ni GB 4. Kumbukumbu pepe niweke ngapi ili laptopu iwe nyepesi?" Swali hili nimeshaulizwa hadi msibani. Jibu ni kwamba namba hiyo haipo. Tatizo ni kuwa anayeuliza huwa ameshapewa tiba na fundi wa mtaani: zidisha RAM kwa moja na nusu, andika jibu kwenye visanduku vyote viwili, cha ukubwa wa kuanzia na cha ukubwa wa mwisho, zima na uwashe, utaona tofauti. Tofauti hiyo haiwezi kuonekana, na sababu yake ni hesabu tu.

Kumbukumbu pepe ni faili ambalo Windows hulitenga, liitwalo pagefile.sys, kwa kawaida kwenye diski C. RAM ikibanwa, vitu ambavyo havijaguswa kwa muda huhamishiwa humo, kisha hurudishwa vinapohitajika. Sasa tazama mwendo. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka, ile inayokuja na laptopu nyingi za mtumba, huchukua kama milisekunde 10, maana kuna kichwa kinachopaswa kusogea na sahani inayopaswa kuzunguka hadi mahali pake. Hiyo ni tofauti ya mara laki moja. Lau RAM ingekujibu kwa sekunde moja, diski hiyo ingekujibu baada ya saa 27 na ushei. SSD ya kawaida ingekungojesha kama robo saa. Basi ukilipanua faili hilo unakuwa umepanua nini? Kompyuta hailitumii zaidi kwa sababu limekuwa kubwa. Na siku ikilitumia zaidi, hiyo ndiyo siku utakayoilalamikia kwamba imeganda.

Hiyo "moja na nusu" haikutoka hewani. Windows XP, iliyotoka 2001, ilianza na faili la mara moja na nusu ya RAM na kuliacha likue hadi mara tatu. Kompyuta ya MB 256 ilipata faili la MB 384, na kwa mashine za wakati ule haikuwa vibaya. Watu wakaibeba hesabu ile kama hirizi, wakasahau ilikotoka. Ifuate leo uone inakokupeleka: mwenye GB 4, ambaye RAM humwishia kila mara, anaambiwa aweke GB 6. Mwenye GB 32, ambaye hata hajui RAM kuisha kukoje, anaambiwa atenge GB 48, karibu sehemu ya tano ya SSD ya GB 256. Yaani anayehitaji kidogo ndiye anayepewa kingi.

Tena kuna jambo ambalo fundi hakukuambia, pengine kwa kuwa hajui. Windows 10 na 11 zikiachwa zijiendeshe, hulikuza faili lenyewe hadi mara tatu ya RAM, au GB 4 kama hiyo ndiyo kubwa zaidi, mradi lisivuke sehemu ya nane ya diski. Kwa laptopu yako ya GB 4, dari ni GB 12. Ulipoandika 6 kwenye visanduku vyote viwili, uliishusha dari hiyo kwa nusu. Na ukamlipa mtu kwa kazi hiyo.

Biashara ya kuuza RAM isiyokuwepo ni ya zamani. Mwaka 1995 kampuni ya Marekani iitwayo Syncronys ilitoa programu ya SoftRAM95, iliyoahidi kuongeza kumbukumbu ya Windows 95 maradufu bila kununua chochote cha kuchomeka. Ilinunuliwa na maelfu kwa maelfu ya watu. Wataalamu walipoichambua walikuta haifanyi kazi iliyoahidi. Mwaka uliofuata tume ya serikali ya nchi hiyo, FTC, iliituhumu kampuni kwa madai ya uongo. Wajukuu wa SoftRAM95 bado tunao: programu za "kusafisha RAM" zinazofukuza vitu kutoka kwenye RAM ili namba ipendeze, halafu kompyuta inahangaika kuvirudisha. Simu pia zimeingia humo. Ukiona imeandikwa "GB 8" na chini yake kwa herufi za sisimizi "4+4", ujue RAM ni 4. Hizo nyingine ni nafasi ya kuhifadhia picha iliyovalishwa koti.

Upande wa pili wako wanaolizima faili kabisa "ili SSD isichakae". Piga hesabu kwanza: SSD ya GB 250 yenye dhamana ya kuandikiwa terabaiti 150, ukiiandikia GB 20 kila siku, itafika kikomo baada ya miaka 20. Laptopu yenyewe haitakuwepo. Hasara ya kulizima, hata hivyo, ni ya leo leo. Programu huomba kumbukumbu mapema kuliko inavyoitumia, na Windows haiahidi isichoweza kulipa: kikomo cha ahadi zake ni RAM pamoja na faili hilo. Ukiliondoa, programu zinaanza kufa huku RAM ikionekana bado ina nafasi, kisha lawama inakwenda kwa virusi.

Haya, la kufanya. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, ingia "Advanced", chini ya "Performance" fungua "Settings", tena "Advanced", kisha "Change". Weka tiki kwenye kisanduku cha juu kabisa, kinachosema Windows ijisimamie. Washa upya. Ukiendelea kuambiwa kumbukumbu imekwisha, tazama C: ikijaa, faili halina pa kukulia, kwa hiyo futa au hamisha video. Kulipeleka faili D kuna maana iwapo D ni diski nyingine kweli; kama ni kipande cha diski ileile, hujafanya kitu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ingia "Performance", kisha "Memory", usome "Committed": namba ya kushoto ikikaribia ya kulia ukiwa kazini, punguza programu zinazojiwasha zenyewe na tovuti unazoziacha wazi. Kama bado una diski ya kuzunguka, pesa ya kwanza iende kwenye SSD. Ya pili iende kwenye RAM, lakini ujue kwanza yako ni DDR3, DDR3L au DDR4, maana haziingiliani ovyo, na umwambie fundi afungue mfuniko ukiwepo. Kuna laptopu ambazo RAM imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao na hakuna tundu la kuongeza, na hizo hutajua mpaka mfuniko ufunguliwe au usome maelezo ya modeli yako.